Kutu kwenye RAV4 ya 1998: gereji ya Vetenari walionionyesha matundu kabla ya kuyaziba

Naandika ndefu kidogo mnivumilie, nimehangaika na kutu ya hii gari karibu miaka miwili na kuna hela imepotea ambayo mtu mwingine hana haja ya kuipoteza, hasa nyie wenzangu wa Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach na kote huko ambako upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani.

Gari ni RAV4 ya 1998, ile ya mwanzo kabisa, nyeupe, usajili wa namba B. Aliinunua baba, alipofariki ikabaki kwangu. Injini haisumbui, gia zinaingia vizuri, watoto inawapeleka shule kila siku. Shida ni bodi tu. Na mimi sitaki kuiuza, kwanza kwa sababu ya baba, pili kwa sababu hela ya kununua nyingine nzuri kama hii sina.

Mwaka juzi vilianza vipele viwili chini ya mlango wa dereva, vidogo kama harara. Nikakibonyeza kimoja kwa kidole, rangi ikabonyea laini kabisa. Nikaipeleka gereji moja, jina sitaji, iko barabarani, ina kibao kizuri na gari zinatoka pale zinang'aa. Wakaniambia dada hii kazi ndogo, 450,000, siku tano. Ikakaa siku kumi na mbili, na kati ya hizo tisa ilikuwa imepakwa praima tu, ile rangi ya kijivu ya chini, imesimama nje, na ilikuwa mvua za vuli, nikipita naiona imelowa. Sikujua wakati ule kwamba ile praima ya kawaida inapitisha maji, yaani ukiipaka ukaiacha kwenye mvua bila rangi juu yake maji yanafika kwenye chuma kama hujapaka kitu. Ilivyotoka ilikuwa nzuri, nikaipiga picha nikamtumia mama.

Miezi minane baadaye vipele vikarudi. Na havikuwa viwili tena, ni mstari kutoka mlango wa mbele mpaka tao la tairi la nyuma, kila nikiosha maji ya kahawia yanachuruzika kwenye rangi nyeupe.

Halafu ikaja siku ya pancha pale Kibada. Kijana wa bodaboda akanisaidia, akaweka jeki pale pale panapotakiwa, nyuma ya tairi la mbele, akapandisha. Tukasikia mlio kama mtu kakanyaga kopo, kuinama kuangalia, jeki imezama ndani ya bodi vidole vinne na gari haijanyanyuka hata kidogo. Bati limekuwa kama biskuti iliyolowekwa kwenye chai. Kijana akaniambia sista hii gari usiwapakie watoto. Usiku ule sikulala vizuri, maana gari kama RAV4 haina chasisi ya kujitegemea kama Hilux au Land Cruiser, bodi yenyewe ndo chasisi, na lile boksi refu la bati chini ya milango ndo moja ya vitu vinavyoishikilia gari isijikunje ikigongwa. Kwahiyo likioza hilo usione kama ni urembo umeharibika.

Gereji nilielekezwa na jirani ambaye anabeba samaki kutoka Feri. Ana Hilux ya zamani, kila alfajiri inabeba samaki na barafu, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye karoseli mpaka chini ya gari, na ile Hilux nimeiona mwenyewe kwa chini, ni nzima. Nikamuuliza nani anaitengeneza, akasema kuna mzee Temeke, maeneo ya Vetenari, ndani ndani huko, gereji haina kibao wala jina, kuna mwarobaini mkubwa na kibanda cha bati, ukifika uliza fundi wa kutu wanamjua. Kwangu mimi hiyo Hilux ilitosha kuwa tangazo.

Nikaenda mwanzoni mwa Februari mwaka huu, makusudi kabla masika hayajaanza. Mzee ni mtu wa makamo kwenda juu, mpole, ana vijana watatu. Nikamwamkia, nikamweleza, nikategemea atanitajia bei pale pale kama wengine. Hakutaja. Alilala chini na tochi kama dakika ishirini hivi akigonga bati kwa mpini wa bisibisi, pazima panalia kama sufuria, pabovu panalia kama boksi la kadibodi, na kila pabovu anachora na chaki ya bluu. Halafu akatoa sumaku ndogo tu kama zile za kubandika kwenye friji akaipitisha kwenye bodi. Kwenye bati inashika, ilivyofika pale palipotengenezwa mwanzo ikadondoka. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, hapa huna bati, una puti," yaani lile dongo la kuzibia na kusawazisha bodi kabla ya rangi.

Nawaomba kama kuna mtu anaenda kununua gari ya zamani, abebe sumaku. Ni kitu cha bei ndogo sana na inasema ukweli kuliko dalali.

Kisha akachomeka kikamera chembamba cha waya kwenye simu yake, akakipitisha kwenye tundu la chini akanipa simu niangalie mwenyewe. Ndani ya lile boksi bati lilikuwa kama gome la mti, linabanduka tabaka tabaka. Akanielezea kwamba kutu ikiota inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndo maana inasukuma rangi unaona kipele, na ukiona kipele nje ujue imeanzia ndani zamani, kipele ndo mwisho wa safari yake. Kwahiyo mtu anayekupigia msasa kwa nje akapaka rangi amesafisha mlangoni, mwizi yuko chumbani.

Sasa swali lililonifungua macho ni hili. Akaniuliza, "Gari unaioshea maji gani?"

Nikamwambia ya kisima baba, tunacho nyumbani.

"Unayanywa?"

Nikamwambia hapana, yana chumvi, ya kunywa tunanunua.

Akanyamaza kidogo, akasema nikirudi nyumbani nimwage kidogo kwenye sahani nyeusi niyaache juani yakauke. Nikafanya. Yalipokauka sahani ikabaki na ukungu mweupe kama nimeinyunyizia chumvi ya mezani. Nilikaa pale nikaiangalia ile sahani, nikafikiria miaka yote hiyo kila Jumamosi naiosha gari ya baba kwa bidii kabisa, na chini yake naipulizia mpira nikiamini naitunza, kumbe naimwagia chumvi. Watu wengi wa Kigamboni na pwani yote hii tuna visima vya namna hii na hakuna anayetuambia. Chumvi yenyewe haili chuma, inachofanya ni kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo kati ya chuma, maji na hewa, kwahiyo ukiongeza chumvi kila kitu kinakwenda mbio. Pia chumvi inavuta unyevu wa hewani, na Dar unyevu haukosekani, hivyo hata siku gari ipo kavu kwa macho, kule ndani ya maungio kuna ubichi.

Bei akaniandikia kwenye karatasi ya daftari, sehemu moja moja: boksi la kushoto, boksi la kulia, tao la nyuma kulia, kipande cha sakafu chini ya miguu ya abiria, nta ya kupuliza ndani ya maboksi kuzuia kutu, rangi ya sehemu zilizoguswa tu. Jumla 1,380,000. Tukaongea ikashuka 1,250,000, nusu mwanzo nusu mwisho. Nilimwambia basi mzee tupige na boneti rangi maana imepauka, akakataa. Akasema boneti ikipauka imepauka, haikudondoshi barabarani, hela weka chini. Fundi anayekataa kazi ya hela ili hela yako iende panapouma, mi nilimwamini palepale.

Aliahidi siku nane. Nitafika huko.

Siku ya pili akanipigia njoo uone kabla sijatupa. Alikuwa amefungua upande wa dereva kwa grainda. Jamani. Ndani ya boksi lile gereji ya kwanza walijaza magazeti na vipande vya sponji ili puti ipate pa kukaa, juu yake puti unene wa kidole, na pembeni wakabandika vipande vya bati la kuezekea kwa riveti. Maungio wakaziba kwa silikoni ile ya kawaida ya vyoo na madirisha, ile inayonuka siki. Mzee akanieleza kwamba hiyo harufu ya siki ni asidi inayotoka silikoni ikikauka, na asidi na bati zito au jepesi hawakai pamoja, pale pale chini ya silikoni palikuwa na kutu mpya ya rangi ya chungwa. Halafu chini kote wakapaka lami nyeusi nzito, nzuri kwa macho, wakaziba na matundu ya kutolea maji. Magazeti yalikuwa yamelowa chapachapa, na ilikuwa Februari, kiangazi, mvua haijanyesha wiki kadhaa. Yaani nilikuwa natembea na kitambaa kibichi ndani ya gari miezi yote hiyo.

Hapo kwenye matundu nataka nikae kidogo, watu wengi hawajui. Mlango wa gari unaingia maji kila mvua, hiyo ni kawaida, yanapita kwenye raba ya kioo yanashuka ndani ya mlango, na waliotengeneza gari walijua ndo maana wakaacha matundu chini ya mlango yatoke. Na yale maboksi chini ya milango nayo yana matundu. Yakizibwa na tope, majani, lami au puti, maji yanabaki humo kama kwenye bakuli. Hili huna haja ya kumlipa fundi, chukua spoku ya baiskeli au njiti ngumu, zungukia milango yote minne na ule wa nyuma, zibua. Mlango wangu wa nyuma kulia ulivyozibuliwa yalitoka maji karibu kikombe.

Kazi yenyewe sasa. Viti vyote vikatoka, kapeti likatoka, betri ikachomolewa kabla ya kuchomelea kitu chochote ili umeme wa mashine usipite kwenye kompyuta ya gari, na kijana mmoja kakaa ndani na ndoo ya maji na kitambaa kibichi maana tanki la mafuta liko nyuma hapo karibu. Bati bovu hawakulisafisha, walilikata mpaka walipofika kwenye bati linalong'aa. Mzee ana msimamo kwenye hili, anasema ukichomelea kwenye kutu unashona kitambaa kilichooza. Bati jipya ni geji 20, kama milimita 0.9 hivi, karibu sawa na la gari yenyewe, likakunjwa kwa umbo lile lile la zamani. Mashine ni ile ya waya na gesi siyo ya vijiti, ya vijiti ni kali sana kwa bati jembamba la bodi inatoboa. Na walichomelea kwa vidoti, hapa kimoja, kule kimoja, wanasubiri papoe, wanarudi, ili bati lisijikunje kwa joto. Ndo maana inachukua muda, na mimi baada ya kuona nilielewa.

Sehemu ambazo kutu ilikuwa ya juu juu tu, haijatoboa, walisugua kwa brashi ya waya na msasa namba 80, halafu wakapaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, inageuza kutu iliyobaki kuwa nyeusi nyeusi ngumu. Nilimuuliza mbona wengine wanapaka hiyo dawa kila mahali hata kwenye matundu, akasema dawa haioteshi bati. Kisha praima ya epoksi, ile ya kuchanganya makopo mawili, hiyo haipitishi maji, siyo kama ile ya kijivu. Puti ilipakwa, ila juu ya epoksi na nyembamba kama ukurasa wa kadi, kazi yake kusawazisha tu. Maungio yakazibwa kwa gundi maalum ya bodi za magari, inabaki laini haipasuki gari ikitikisika. Halafu ndo ikaja rangi, na namba ya rangi waliisoma kwenye kile kibati cha chumba cha injini, mstari umeandikwa C/TR, hawakukisia kwa macho.

Mwisho kabisa nta. Na hii ndo naona ilikuwa na thamani kuliko vyote ingawa ilikuwa bei ndogo kwenye karatasi. Wana mpira mwembamba mrefu umetobolewa pembeni, wanauingiza kwenye yale maboksi mpaka mwisho, kompresa inapuliza nta ya maji maji huku wanauvuta taratibu, inapaka kuta zote za ndani mpaka inaanza kudondoka kwenye matundu ya chini. Ikidondoka ujue imefika. Wakaacha gari imeinama upande mmoja usiku kucha ishuke kwenye pembe.

Kasoro zipo na nazisema kwa sababu na nyie mtakutana nazo. Siku nane zikawa kumi na tano. Sababu alinieleza, umeme ulikatika siku mbili na kulia palikuwa pabaya kuliko alivyotegemea, lakini hakunipigia, mimi ndo nilikuwa napiga, na simu yake kupokelewa ni bahati maana akiwa chini ya gari hapokei. Watoto walipanda bajaji wiki nzima ya ziada na hiyo ni hela. Kapeti lilirudishwa bila kugundishwa vizuri pembeni, nimeligundisha mwenyewe. Rangi ya tao la nyuma ukiangalia jua la saa kumi ni nyeupe zaidi ya mlango, namba ni ileile ila rangi ya zamani imepigwa jua miaka ishirini na kitu, walipaswa kuioanisha. Harufu ya nta ilikaa wiki mbili, kwenye joto la Februari ukifungua mlango inakupiga usoni, mwenye mtoto mdogo au pumu ajipange. Na hakuna risiti wala garantii ya maandishi, kuna ile karatasi ya daftari na neno la mzee. Mimi neno lake limenitosha lakini najua wengine kazi ya zaidi ya milioni bila risiti hamtaki, mna haki.

Masika ikaja. Machi mpaka Mei gari imelala nje, sina banda, imepita kwenye madimbwi ya Kigamboni mnayajua. Kila Jumapili nilikuwa nainua kapeti naweka mkono, pakavu. Juni nikarudi Vetenari bila kuitwa, nikamwomba mzee aingize kikamera, akaingiza bila kunidai hela, tukaangalia wote. Nta ipo, bati jeusi, safi. Jeki sasa naiweka palepale na gari inanyanyuka.

Kuhusu oili chafu, maana najua mtaniuliza, wengi tunapaka chini ya gari na wazee wetu walipaka. Mzee hapendi. Anasema oili iliyotumika imebeba asidi na uchafu wa injini, na inakula bushi na raba za chini, ukiokoa bati unanunua bushi, na kila mvua inadondokea ardhini kwako. Kama huna hela ya nta ya kopo yeye anayeyusha grisi kwa oili safi kidogo anapuliza hiyo, inashika vizuri ila inataka kurudiwa kila mwaka kabla ya masika. Na ile lami nyeusi siyo mbaya yenyewe, ubaya ni kuipaka juu ya kutu. Ikipasuka kidogo tu maji yanaingia nyuma yake na hayatoki, unakuja kuijua bati limeshaisha.

Mimi sasa hivi naosha gari kwa maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua, nimeweka pipa chini ya mchirizi, ya kisima hayaigusi kabisa. Nikivuka kwa pantoni siku upepo wa kusi umechachamaa, ule mvuke wa bahari unaona kabisa kioo kimepata utando, nikifika nyumbani naisuuza siku ile ile, na chini pia. Majani ya mkungu yanayojaa pale chini ya waipa nayatoa kwa mkono kila wiki, pale kuna njia ya maji, zikiziba yanaingia mpaka miguuni kwa abiria, na lile tundu langu la sakafu mzee anasema lilianzia hapo. Turubai la nailoni nililokuwa nafunika nimeliacha, lilikuwa linafungia jasho la usiku ndani. Kokoto ikichubua rangi napaka siku hiyo hiyo kwa kikopo kidogo cha rangi alichonipa, tone tu, halisubiri Jumamosi.

Kitu kingine kwa mnaoagiza kutoka Japani. Watu tunaangalia kilomita na picha za ndani, hatuombi picha za chini. Huko kaskazini mwao, Hokkaido na maeneo ya theluji, barabarani wanamwaga chumvi kuyeyusha barafu, gari inaweza kuja inang'aa juu na ina kutu tayari chini, ukaileta kwenye pwani yetu inamaliziwa. Na msidanganywe kwamba Toyota haili kutu. Mwaka 2016 kule Marekani Toyota walikubali kumaliza kesi ya chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizooza, magari kama milioni 1.5. Chuma ni chuma. Ombeni picha ya chini, ya maboksi ya chini ya milango na ya maungio ya nyuma, muuzaji akikataa tafuta gari nyingine.

Nani nisingemshauri aende pale? Mwenye haraka, mwenye kutaka gari ing'ae ili aiuze mwezi ujao, na mwenye gari ambayo kutu imefika kwenye mikono ya sasipenshi na ukuta wa injini. Mzee mwenyewe alimrudisha jamaa mmoja mbele yangu na gari yake aina ya Noah, akamwambia kijana hii nikiishika nitakula hela yako bure, gari imekwisha, toa injini uuze. Yule jamaa alikasirika, ila mi naona alisaidiwa.

Kwangu mimi kazi ni nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu niliyokata ni ya siku saba za ziada bila simu. Ule mlango wa nyuma wenye spea tairi umeanza kipele kimoja karibu na bawaba, kidogo sana, zamani ningesema nitakiangalia mwakani. Nimeshaongea naye, 180,000, naipeleka Septemba kabla ya vuli. Mkienda nendeni asubuhi kabla ya saa nne mumkute hajaingia chini ya gari, toeni vitu vyenu vyote kwanza maana viti na kapeti vitatoka, na mwambieni awaonyeshe kwa kikamera kabla hamjatoa hela. Hakasiriki, anapenda mtu anayeuliza.